Mlima wa Frigoliti na Bukari

Chekeni tu, mimi haya imeshaniisha, ingawa hadi leo nikipita mtaa wa Kasulo natembea upande wa pili wa barabara nisije nikakutana na mtu aliyekuwepo siku ile.

Yote yalianza kwa kutaka kumpendeza baba yake Béa, mchumba wangu. Tata huyo aliendesha treni mpaka akastaafu, na Jumapili ile nilikuwa naenda kujitambulisha rasmi kwao Kasulo, na mama yake akisema hapana basi imekwisha, maana Béa hapingi neno la mama yake. Nikaona nimtengenezee tata reli ndogo juu ya ubao, na treni ya betri, na mlima wenye tuneli (kwenye njia yake hakukuwa na tuneli hata moja, najua, lakini mlima bila tundu wa nini).

Mlima niliujenga kwa mabaki ya frigoliti, ile mousse nyeupe nyepesi inayozuia friji isivunjike ndani ya katoni, niliyookota nyuma ya duka la jirani. Sasa, vile vipande ukivipanga vinaacha nyufa kila mahali, na plasta ilikuwa imeniishia, na mezani pale kulikuwa na bukari, ugali wetu wa huku, iliyobaki. Nikaikanda na gundi kidogo, nikaziba, nikapaka rangi ya kijani, ikapendeza mpaka nikajipongeza mwenyewe. Nikaufungia mlima stoo.

Jumapili nikaubeba hadi kwa akina Béa, sebule imejaa wajomba na mashangazi. Kwao mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe, hata kumtazama usoni ni shida, kwa hiyo mimi kona hii, yeye kona ile, maneno yanapita kwa Béa. Nikawasha treni. Tata akainama, anatabasamu kama mtoto. Treni ikaingia tuneli, tukangoja, haikutoka. Akatoka panya, mnene, mdomo wa kijani, na wenzake nyuma.

Mimi panya naogopa, sifichi. Niliruka, nikateleza, nikaanguka mapajani mwa mtu nikamkumbatia kwa mikono miwili, na nilipofumbua macho ni mama mkwe.

Panya wakakimbilia nje.

"Treni yangu iko fasi gani?" tata akauliza.

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono tunelini, nikaitoa imegandwa na bukari mpaka magurudumu. Tata akainusa. "Mi niliendesha treni mpaka nikazeeka," akasema, "sikuonaka mulima ya bukari hata siku moja."

Mama akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka. Nikajua analia, na mimi nikaanza kulengwa na machozi, maana nilimpenda Béa na niliona kabisa ndiyo nampoteza hivyo, kwa kiporo. Kisha mama akamwita binti yake.

"Umwambie ule bwana, nyumba yenye atamutia mutoto wangu, asijenge na bukari."

Watu wakaangua kicheko, mimi bado nimepiga magoti sielewi kitu. Béa akaniinamia sikioni. "Amekubali, weye mujinga. Simama."

Kuku wa kuomba radhi nilimpeleka kesho yake. Na tangu hapo, plasta ikiisha naacha nyufa zibaki nyufa, maana mlima wenye nyufa haujawahi kumtupa mtu mapajani mwa mkwe wake.