Hatua Mia na Kumi Hadi Kwenye Bani

Saa moja na nusu asubuhi, mjini Tabora, Fundi Hilali Humaidi anatembea kinyumenyume katikati ya barabara ya vumbi. Macho yake yako kwenye baraza yake na midomo inahesabu. Barazani, juu ya kigoda, redio ya mbao inasema peke yake. Mkewe, Zeyana, amekaa kando yake anachambua mchele. Amekwisha kuzoea.

"Fundi, leo tena redio imekufukuza?" anamtania muuza kahawa.

"Imenifukuza kweli," anajibu Hilali bila kusimama. "Sabini. Sabini na moja. Sabini na mbili."

Kwenye hatua ya sabini na tatu anasimama, anatega sikio. Msomaji wa habari bado anaongea, lakini maneno yamekwisha. Kilichobaki ni mnong'ono tu. Hilali anachora mstari mavumbini kwa kisigino, halafu anarudi taratibu, kichwa chini.

Anataka hatua mia na kumi. Huo ndio umbali wa kutoka dirisha la nyumba ya Lugembe Tobias, mkulima wa tumbaku katika kijiji kimoja karibu na Kwihara, hadi kwenye bani lake, ile nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Hilali aliupima kwa miguu yake mwenyewe mwezi wa tatu mwaka huu wa 1975, siku aliyokwenda kutoa pole.

Hilali ana miaka hamsini na minne. Ukoo wao ni wa biashara tangu babu zake walipofika kutoka Omani, ila yeye duka halikumkaa mikononi. Alipenda redio. Zilikuwa redio za taa, zenye vichupa vya kioo ndani ambavyo huwaka vyekundu kama makaa, na nje ya mji ziliendeshwa kwa betri kubwa, nzito kama tofali.

"Mwaka tuliopata uhuru, mwenye redio alikuwa na wageni arobaini kila jioni," anasema. "Wengine hata jina la mwenye nyumba hawalijui. Wanakaa, wanasikiliza, wanakwenda zao."

Ufundi wake ulikuwa sikioni. Alilaza sikio juu ya mbao, akafumba macho, na taa inayougua akaijua kwa mvumo wake. Wateja walikuwa wakimwita daktari.

Kisha zikaja transista, vidudu vidogo kuliko punje ya mahindi, visivyowaka wala kuvuma. Na zile betri kubwa zikapungua madukani hadi zikatoweka. Leo ni mwaka wa pili hajaiona hata moja. Watu wa vijijini wakaanza kumletea redio zao nzima, zilizokufa kwa kukosa chakula tu, na swali lao likawa moja: "Fundi, niibadilishe au niiache?"

"Jibu langu nalo lilikuwa moja," anasema Hilali. "Badilisha. Nilikuwa natoa matumbo ya zamani, natia ya transista ndani ya sanduku lilelile. Betri sita za tochi, unasikiliza miezi. Nani atakataa?"

Lugembe alisita. Alifika mwaka jana, miezi michache baada ya kuhamishiwa kijiji kipya pamoja na majirani zake, redio imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Alieleza shida yake vizuri. Tumbaku ikiwa bani, moto hauachwi: ukizidi, majani yanaungua; ukipungua, yanaoza. Kwa hiyo redio hukaa dirishani, imefunguliwa mwisho, naye husikiliza akiwa kule kwenye moto. Matangazo ya vifo hasa hakutaka yampite, maana tangu wahame barua za ndugu zilikuwa haziwafikii.

"Itasema kama hii?" aliuliza.

"Itasema kuliko hii," Hilali alimjibu.

Kazi ilichukua siku tatu. Spika kubwa ya zamani aliiweka kando, akafunga ndogo isiyokula betri. Akaijaribu kama alivyojaribu redio zote maisha yake: alilaza sikio juu ya sanduku. Sauti ilikuwa safi kama maji. Lugembe alilipa shilingi mia na ishirini, akapakia, akaenda.

Mwezi wa pili mwaka huu, tumbaku ikiwa bani, kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la pamoja. Lugembe alibaki na moto wake. Redio ilikuwa dirishani, inasema na nyumba tupu. Mchana ule lilisomwa tangazo kwamba Mama Josepha, aliyekuwa akiishi Mpanda kwa binti yake, amefariki, mazishi kesho alasiri, habari zimfikie mwanawe Lugembe Tobias.

"Niliisikia," anasema Lugembe. Anaongea polepole, hamtazami mtu. "Nilisikia inaongea, kama nzi ndani ya chupa. Nikasema, ah, labda ni bei za mazao. Nikatia kuni."

Jioni ile treni ya Mpanda ilikuwapo.

Siku ya tisa alikwenda mjini kununua chumvi. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni akamshika mkono. "Pole sana na mama," akamwambia.

"Mama yupi?" Lugembe akauliza.

Kesho yake aliifunga tena redio kwenye baiskeli. Hakugombana. Aliiweka juu ya meza ya Hilali, akasema, "Kaa nayo," akatoka. Hata fedha zake hakudai.

Habari hizo zilitembea. Zamani Hilali alipokea redio nane au kumi kwa wiki. Sasa zikija mbili, Zeyana humshukuru Mungu. Wapo wanaomwambia kosa si lake, mashine mpya ndizo zilivyo. Jambo hilo humkera kuliko matusi.

"Mashine haikusema uongo. Uongo niliusema mimi," anasema. "Yeye alinitajia bani, mimi nikasikiliza nimelalia sanduku. Mtu gani husikiliza redio namna hiyo? Ni fundi tu."

Tangu hapo halazi tena sikio. Anatembea. Ile redio ya Lugembe ilipoanza ilifika hatua thelathini na moja. Akarudisha spika kubwa, ikafika hamsini na nane. Transfoma ya kwanza, ya kuipa spika nguvu, imeifikisha sabini na tatu; sasa anasuka nyingine kwa mkono, kwa nyaya alizochomoa kwenye redio zilizokufa, mzunguko juu ya mzunguko, na macho yake si ya kijana. Mara tatu waya umekatika, akaanza upya.

Kijijini, mke wa Lugembe, Apolinaria, hacheki anapoelezwa habari za hatua. "Anatembea, sawa. Mume wangu naye angetembea nyuma ya jeneza la mama yake."

Lugembe anamtuliza kwa mkono. Yeye ana sharti moja, na amekwisha kumpelekea fundi. Redio ikirudi, Apolinaria ndiye atakayeiwasha, dirishani palepale. Hilali atakaa kwenye bani, atachochea moto mwenyewe, kutwa nzima. Kisha aje aseme alichosikia.

"Mama ni mmoja, hatatangazwa tena," anasema Lugembe. "Ila nina dada, na watoto wake. Siwezi kukaa kama kiziwi."

Hilali amelikubali sharti hilo. Mabani yatawashwa tena mwezi wa kwanza, na huo ndio wakati anaousubiri. Zeyana, mchele mapajani, anamuuliza kama watu wanavyoulizana mambo ya kila siku:

"Na ikikomea sabini na tatu?"

"Nitakwenda vilevile," anajibu mumewe, huku akiitafuta ncha ya waya kwa kucha. "Nitakaa kwenye moto. Nikisikia, nitamwambia nimesikia. Nisiposikia, safari hii nitamwambia sikusikia."