Misumari Mdomoni mwa Fundi

Mume wangu ni fundi makochi. Mafundi wa kazi hii hujaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo ikigonga. Miaka yote ya ulevi hakuweza, mikono ilimtetemeka na midomo pia. Nilimfulia matapishi, nikamdanganyia wateja, nikamvua viatu. Siku alipoamua kuacha, niliambiwa nimpe nafasi.

Kliniki walikuwa na kikundi cha wanaoacha pombe. Maradhi yalipoingia mjini tukafungiwa ndani sote, kikundi kikavunjika, nesi akampa kila mmoja mwenzake wa kupigiana simu. Akaonya: mmoja akirudi kwenye chupa, mwenzake humfuata. Wangu akaangukia kwa mwanamke. Sikuwahi kumwona, nikambatiza Bibi Sauti.

Kila asubuhi Fundi aliweka simu kwenye meza ya kukatia vitambaa, sauti juu, nami niko jikoni, pazia tu katikati. Huyo mama ndiye aliyemfundisha: kiu ikikubana jaza misumari, mdomo wenye misumari haupokei chupa. Na kwa kuwa hakuweza kusema, Fundi alimjibu kwa nyundo.

"Upo, kaka?"

Ko, kwenye mbao.

"Mkono umetulia?"

Ko.

Mtu huyuhuyu nilimuuliza "upo?" miaka nenda miaka rudi, amelala na viatu kitandani, nisipate hata guno. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilinenepa, maana kila simu ilipolia nilikwenda kula. Fadhila ya punda ni mashuzi, nikaiambia sufuria.

Asubuhi moja simu ililia Fundi akiwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, mdomo umejaa, mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo. Nikaiwahi mimi. Matusi nilikuwa nimeyaandaa tangu tufungiwe.

"Kaka," sauti ikasema, "leo ni mimi. Nimeifungua. Iko mbele yangu, na niko peke yangu."

Nilifurahi, sitaficha. Kisha nikamtazama Fundi. Alikuwa amesikia, na nyundo ilianza kumtetemeka mkononi kama zamani.

"Si kaka," nikasema. "Ni mkewe."

"Wifi, nisamehe. Nitapiga baadaye."

Wifi wa nani? Lakini nikamwambia, "Usikate. Una misumari?"

"Sina."

"Una nini hapo?"

"Vifungo. Mimi mshonaji."

Mshonaji. Kwa hiyo na vitambaa walikuwa wakivizungumza.

"Basi jaza vifungo mdomoni. Vingi. Halafu ukanywe hicho kichupa chako tuone."

Alicheka au alilia, sikujua. Nikavisikia vikigongana na meno, kisha hakuna neno tena. Nikakaa kwenye kiti cha mume wangu, simu mkononi. Sikumpenda hata chembe, wala leo simpendi.

"Upo?" nikauliza.

Kisha, kule kwake, kidole kikagonga meza.

Na nyuma ya kochi, bila mimi kumtazama, nyundo nayo ikagonga.