Nimewafukuza wenye nchi juu ya kaburi lao

Wandugu, leo mjomba wenu amekimbia. Mimi! Niliyemkazia simba macho kule kwetu Fizi mpaka akaona haya.

Bon. Mnajua huku Columbus hatuna mlima wa maombi. Mimi nikaugundua: kilima cha nyasi, duara kama chungu kilichopinduliwa. Nikapanda mchana kweupe, nikakemea huku nakanyaga kwa miguu yote miwili:

"Roho zote za hapa, tokeni! Rudini kwenu!"

Kugeuka, mama mmoja yuko chini ananitazama. Hakupiga kelele.

"Bwana, shuka. Hilo ni kaburi. Wenye nchi wamelala humo tangu zamani sana. Mimi pia ni wa wenye nchi, Mwojibwe, watu wangu wako mbali Minnesota, lakini kaburi ni kaburi."

Nikashuka upesi. Donc, yaani nimewaambia wenye nyumba warudi kwao! Mimi, mkimbizi!

"Ulikuwa unawaambia nini?" mama akauliza.

Nikadanganya: "Nilikuwa nawasalimia, mama."

"Vizuri," akasema. "Watakuitikia."

Nikakimbia mpaka nyumbani. Sasa nimejifungia ndani, taa zote zinawaka. Nani yuko karibu na kwangu hapa Gahanna aje tukae wote?

Ila usibishe hodi. Piga simu kwanza.