Seng'enge Aliyoikata Koleo

Jina lake halisi hata dada yake halitumii tena. Anaitwa Koleo, kwa sababu tajiri alipozungushia seng'enge malisho ya kijiji kizima, ni yeye aliyeikata.

Tusidanganyane: siku ile wote walitoka. Wanaume waling'oa nguzo, kina mama wakapiga vigelegele. Polisi walipotokea, miguu niponye! Akabaki yeye na koleo mkononi. Akafungwa peke yake. Tajiri naye akachoshwa na vurugu, akaondoka zake.

Siku ya kutoka gerezani alirudishiwa viatu na koleo lake. Kijijini wakampokea kama bibi harusi. Asubuhi yake akamfungua mbuzi wake, aliyekuwa akitunzwa na dada yake, akakatiza malishoni kwenda mtoni.

Akakutana na seng'enge.

Ileile. Aliijua kwa mafundo: kila alipokata, mtu alikuwa ameunga. Ndani yake shemeji yake, mume wa dada, alikuwa anapalilia mahindi.

"Shemeji, hii nini?"

"Tuligawana, shem. Kila nyumba kipande chake. Au tungemsubiri tajiri mwingine?"

"Changu kiko wapi?"

"Si ulikuwa ndani! Halafu wewe mtu mmoja, utalima nini? Chakula utakula kwetu."

"Na mbuzi anywe wapi?"

"Zungukia barabarani. Miguu anayo minne, kulalamika unalalamika wewe!"

Akazunguka. Kila siku, barabara nzima, yeye na mbuzi. Watu walimsalimia kwa heshima zote, wakiwa ng'ambo ya waya. Jioni alikaa kitandani akimsimulia mbuzi habari za gerezani, maana ndiye pekee aliyekuwa hajazichoka.

Siku moja mchana shemeji akabisha hodi.

"Shem, niazime koleo. Waya umelegea kule chini."

Koleo alicheka mpaka akakohoa. "Twende. Nitakushikia."

Walipofika, hakushika. Alikata. Twa! Uzi wa juu, wa kati, wa chini.

"We mwanamke, umerogwa?"

Majirani wakatoka, kila mmoja akasimama nyuma ya uzio wake. Kigelegele hakuna. Dada yake alichungulia mlangoni, akafuta mikono kwenye kanga, akarudi ndani.

Mbuzi akapita, akashuka mtoni, akanywa. Koleo akasimama kwenye lile pengo kumngoja, huku shemeji yake akianza kuokota ncha za waya.