Sefu Hakuwa Valizi

Nakumbuka siku moja ya zamani sana, mwanangu, mwaka jana, nilipokuwa bado kijana wa miaka kumi na sita. Sasa nina kumi na saba, magoti yanalia nikicheza mpira, na wewe uliye darasa la chini yangu unisikilize kwa adabu. Utu uzima dawa.

Nilikuwa nimepata tisa juu ya kumi katika Kiingereza. Mtaa wetu wote wa Musaga ulijua, kwa sababu niliutangazia mwenyewe. Ndipo jirani yetu Mama Sefu akaniita. Mwanawe Sefu alikimbia vita na shangazi yake akiwa na miaka kumi, wakavuka ziwa kwenda Kigoma, na habari zao zikakatika. Sasa mama huyo alikuwa amesikia kuna ofisi Lusaka inayotafuta watu waliopoteana, ila wanasoma Kiingereza tu.

"Mwalimu," akaniambia, "niandikie."

Hilo jina lilinipanda kichwani. Nikateremka mjini hadi siberi ya Bwana Nasoro, kompyuta nne za intaneti nyuma ya duka lake la vitambaa. Ukurasa mmoja ukianza kufunguka, Bwana Nasoro anaweza kwenda kuswali na kurudi akaukuta nusu. Nikapata mifano ya barua, nikachagua yenye maneno mazito kuliko zote: ya mtu aliyepoteza valizi, sanduku lake la safari, hotelini. Palipoandikwa valizi nikaweka Sefu. Mengine nikayaacha yalivyo, maana yalipendeza. Nikatuma.

Mama Sefu alitaka nimsomee. Nikamjibu, "Mama, hicho ni Kiingereza cha juu. Kwa Kiswahili kitaharibika."

Ona ujinga!

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Nikalichapa kwenye karatasi, nikaketi jikoni kwake, nikatafsiri kwa sauti ya mhubiri: "Tumemtafuta kijana wako kati ya walemavu wote waliosajiliwa hapa..." Sauti ikaanza kunywea. "Hatujamwona. Tueleze zaidi kuhusu magurudumu yake."

"Magurudumu ya nani?"

"Ya Sefu, mama."

"Sefu alikuwa na velo?"

"Apana, mama, si baiskeli. Ile barua... ilikuwa ya valizi ya magurudumu."

Akaacha kupepeta mchele. Nilingoja kofi, na afadhali lingekuja.

"We mutoto! Sefu nilimubeba mugongoni, apana mukononi. Wiki tatu watu wanatafuta valizi yako, na mutoto wangu hakuna mutu anamutafuta."

Mwanangu, mimi nimewahi kufukuzwa msibani kwa kucheka. Siku hiyo meno yangu yalikaa ndani.

Kesho yake nilirudi siberi, safari hii kwenye ukurasa wa mazoezi ya sarufi, ule unaokupa alama ya kijani ukipatia na nyekundu ukikosa. Nikaanza na wakati uliopita. Zoezi linataka kujua: jambo lilitokea mara moja? Lilikuwa likiendelea? Liliisha? Nikajaribu kumweka Sefu humo, nikagundua sijui chochote. Basi udadisi ukanishika, nikarudi jikoni kwa Mama Sefu na daftari, nikamuuliza: Risasi zilipoanza, Sefu alikuwa anafanya nini?

"Alikuwa anakunywa uji," akasema Mama Sefu. "Alikimbia na kikombe."

Akanisogezea kigoda. "Hiyo hakuna mutu aliniuliza."

Nikauliza na mengine: jina la shangazi, kovu la bati chini ya kidevu, wimbo aliokuwa akiuharibu kanisani. Siku nne niliandika na kufuta, na kila nikikwama narudi kwenye mazoezi, nyekundu zikipungua. Zikatoka sentensi kumi na moja, fupi kama za mtoto wa shule ya msingi. Nikamsomea zote kwa Kiswahili. Mbili akazikataa: "Hii ni ya kwako wewe. Toa." Nikatoa, nikatuma.

Jibu la pili lilipoingia nilimpeleka siberi asome pamoja nami. Mistari mitatu ya Kiingereza: wamempata, kovu lipo. Chini yake mstari mmoja wa Kiswahili, wa Sefu mwenyewe: "Mama, uko bado Musaga?"

Nikanyoosha vidole nijibu. Akanipiga mkono.

"Toka, mwalimu. Hii ni ya kwangu. Nionyeshe herufi tu."

Akazitafuta moja moja kwa kidole kimoja, akabonyeza: NIKO.

Basi, mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mazoezi ya sarufi yapo tele kwenye intaneti, yafanye, hata yanayokuaibisha kwa wekundu. Soma mifano uone wenzako wanavyojenga sentensi, kisha ifunge uandike yako. Usipojua, uliza, na ukishaandika msomee mwenye habari kwa lugha anayoisikia. Akisema toa, toa, hata kama ndilo neno ulilolipenda kuliko yote.

Mungu akujalie umeme usiokatika katikati ya zoezi, akupe msahihishaji asiyekuonea haya, na wote utakaowaandikia katika siku hizi za vita wakujibu wakiwa wazima.