Kina cha Ngolo

Mpimaji haandiki hesabu akiwa amesimama. Huchuchumaa kwanza, huufinya udongo kiganjani, ndipo huichomoa penseli nyuma ya sikio. Pale Litembo alikuwa akikadiria udongo wa kusawazisha mteremko wa kujengea madarasa mawili: utakaochimbwa juu ndio ujaze chini, nao wanakijiji waubebe kwa makarai. Ungepungua, ujenzi ungesimama. Siku ya tatu alipiga mstari chini ya jumla, akasema kwa sauti yake ya chini, "Unatosha."

Mama Dafrosa, aliyelitoa shamba hilo la ngolo, lote matuta yanayozunguka mashimo, alikuwa akivitazama vigingi vya kupimia. "Mwanangu, umevikita vyote juu ya matuta. Mashimoni hamna udongo. Nilishautoa mimi kwa jembe." Mpimaji aliutazama mteremko, shimo baada ya shimo, kama ule wa kwao alikokulia. Akaufuta ukurasa wote, taratibu. "Mama, huwa mnachimba kina gani?" Mama Dafrosa akaweka kiganja kwenye goti lake. Mpimaji akapiga magoti mbele yake, akanyoosha futi kutoka ardhini hadi kwenye kile kiganja, akaandika.