Trei Nne za Juu

Ile aisii, kale kadude keusi ka miguu mingi ndani ya mashine, niliichomea mimi kwa risasi. Naanza na hilo ili fundi wangu asije akalisema yeye kwanza. Mkono ni wangu.

Nilikuwa najifunza kwake kazi ya kutengeneza vifaa vya umeme, Majengo, mwanangu wa miezi saba mgongoni. Ikaletwa mashine ya kutotolesha vifaranga kutoka kijijini kwetu Haneti, mali ya kikundi cha kina mama. Mama yangu mzazi yumo. Trei nane, kila moja na sensa yake ya kupima joto. Sensa zote zinaingia kwenye aisii moja ya miguu kumi na sita, nayo inazipitisha kwa zamu, mojamoja, kwenye waya mmoja hadi kwenye kioo cha namba. Hiyo aisii ndiyo ilikuwa imekufa.

Namba yake iliishia na moja. Fundi akanipa aliyoing'oa kwenye amplifaya bovu, inaishia na mbili.

"Bosi, hii siyo. Hii ni ya sauti, inapitisha nne za kulia na nne za kushoto, siyo nane kwa waya mmoja."

"Ina miguu mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na ile?"

"Kumi na sita."

"Sasa? Hicho kidato cha nne kinakusumbua, dada. Choma! Halafu mnyonyeshe huyo, anatupigia honi."

Mafundi wenzake wakacheka. Na mimi, mjinga, nikacheka. Nikachoma. Kioo kikawaka, namba zote nane za trei.

Zilikuja mbilimbili. Ya kwanza na ya pili sawa mpaka nukta, ya tatu na ya nne vilevile. Niliziona! Nikanyamaza. Kumbe kioo kilikuwa kinasoma trei nne za chini tu na kuzirudia. Za juu, ambako joto hupanda, hazikuwa na wa kuziangalia.

Siku ya ishirini na mbili tangu mayai yaingizwe kwenye mashine, nilikwenda Haneti. Trei za chini zilikuwa zinalia vifaranga. Za juu kimya. Kule kila mama huchora alama yake kwa mkaa kwenye mayai yake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa yaliyoharibika ni ya nani. Ya mama yangu yote yalikuwa juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusoma kioo na kusema lini tundu la hewa lifunguliwe kupunguza joto.

"Wanasema sijui kusoma namba," akasema. "Nilisoma vibaya?"

Jirani yake akadakia, "Tulisema tangu mwanzo, apewe mwenye macho!"

Nikasema mbele yao wote: "Amesoma sawasawa. Kioo kilidanganya. Kifaa kisicho chake nilikichomea mimi, na nilijua sicho."

"Ulijua?" jirani akauliza.

"Nilijua."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama alimfungua mtoto mgongoni mwangu, akambeba yeye, kisha akanisogezea jembe na ndoo ya mayai.

"Chimba mbali na nyumba," akasema. "Mbwa wasiyafukue."